Kichwa Kimoja Chenye Nywele

Kwako Mama,

Jambo sana. Dada Sifa akae karibu nawe akusomee polepole, na asiruke kitu isipokuwa pale nitakapomwambia mwenyewe. Naomba barua hii ikukute mzima. Miguu bado inavimba? Mvua imefika kwenye shamba la Mutambala, au mihogo inakauka tu? Watoto wa Sifa wanasoma? Mimi niko. Nakula, nalala, naenda kazini.

Najua ungependa simu kuliko karatasi. Lakini kwenye simu unauliza, "Umekula, mama?" nami nasema ndiyo, kisha tunanyamaza wote wawili mpaka mtandao unatukata. Tangu Baba azikwe ndivyo tunavyozungumza. Kwa karatasi angalau nitafika mwisho. Nampa mama mmoja wa kanisani kwetu anayekuja Uvira, naye ataikabidhi kwa watu wa gari la kwenda Baraka, pamoja na kifurushi kidogo ambacho naomba usikifungue kabla Sifa hajamaliza kusoma.

Nianze na kazi, kwa sababu hujawahi kuielewa, wala sikulaumu. Nanyoa mbwa. Huku kwa wazungu mbwa ana randevu yake, saa aliyowekewa, kama mtu anayekwenda kwa daktari, na mwenye mbwa anakaa kwenye kiti akingoja, akiuliza kama mtoto wake ametulia. Duka ni la mama mmoja mtu mzima anayeitwa Ingrid. Mimi namwita Mama Ingrid, na sasa hata wateja wanamwita hivyo bila kujua maana yake.

Mashine tunayonyolea inatumia umeme na inatosha mkononi. Mbele ina meno ya chuma yaliyopandana: ya chini yametulia, ya juu yanakimbia huku na huku. Mbwa haanzwi na mashine. Anaoshwa, anakaushwa vizuri, anachanwa mpaka mafundo yote yaishe, maana manyoya yenye maji au mchanga yanaua yale meno. Ndipo unapitisha mashine kufuata manyoya yanakolala, bila kukandamiza. Kila mara unasimama na kuyagusisha meno kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako. Yakiwa moto, unayabadilisha au unangoja yapoe, kwa sababu mbwa hawezi kukuambia kwamba anaungua. Jioni unayafungua, unayapiga brashi, unatia mafuta kidogo, unawasha mashine ili mafuta yatembee, unafuta. Mashine iliyokosa mafuta inalia kwa sauti nyembamba. Baba, aliyetengeneza injini za mitumbwi ya Kazimia, angeisikia akiwa bado mlangoni.

Siku Sifa alipopiga simu kuniambia Baba amekufa nilikuwa nimeshika mguu wa mbwa mweupe. Nikasema sawa. Nikarudisha simu mfukoni, nikamaliza ule mguu, nikanyoa na mingine, mwenye mbwa akaja akashukuru sana. Karatasi zangu za safari hazikuwa tayari, mkamzika bila mimi. Sikulia siku hiyo wala siku ya mazishi. Mama, nimekufa ganzi. Chai nakunywa, siisikii utamu wala uchungu wake. Watu wa kanisani walikuja kunipa pole, nikawapikia, nikawasindikiza, nikafagia, kama aliyefiwa ni jirani.

Kisha Shangazi akaanza kupiga simu. Unamjua dada yake Baba, hasalimu mara mbili.

"Riziki, unangoja nini? Batoto bote bamekwisha kunyolewa. Weye tu njo umebakia. Hatuwezi kumaliza matanga na kichwa moja yenye nywele. Mama yako angali analala chini kwa mukeka, hawezi kutoka mupaka unyolewe."

"Shangazi, huku niko peke yangu. Nani atanyoa mimi?"

"Mutu asijinyoe ye mwenyewe, hiyo unajua. Tafuta mutu. Na wembe ikuwe mupya, unasikia? Kisha utume nywele, tuzike pamoja na za benzako."

Nilisema sawa, Shangazi. Wiki ikapita, akapiga tena, nikasema sawa tena. Sikukataa, Mama, naomba uniamini. Kila nilipojitazama kwenye kioo niliona kwamba nikinyolewa hivi hivi, bila kusikia kitu, nitakuwa nadanganya kichwa changu na ninyi pamoja. Wakati huo wewe uko kwenye mkeka, soko huendi, ziwani huendi, nguo ni ile ile. Sifa aliniambia kuna mtu ameshatandika samaki wake wa ndagala mahali pako pale sokoni. Hilo ndilo lililonisukuma.

Basi asubuhi moja, kabla wateja hawajaingia, nikamfuata Mama Ingrid. Lugha yao naijua ile ya mbwa tu: kaa, geuka, tulia, vizuri, bado kidogo. Mengine naokota. Nikakusanya maneno yangu yote nikamwambia: "Nataka wembe mpya. Baba amekufa. Nyumbani wananingoja. Nisaidie, mwenyewe siwezi."

Alinitazama, uso ukamwisha rangi. Akanishika mikono yote miwili hapa kwenye vifundo, akakataa kuiachia. Akafunga mlango wa duka. Akazoa mikasi yote mezani, akaitia kwenye mkoba wake, akaukalia. Nikafikiri huku labda ni mwiko kunyoana asubuhi. Akapiga simu, akaja muuguzi, mama mpole sana, akaniuliza kwa maneno mepesi na kwa ishara kama huwa nasikia sauti. Nikamjibu ndiyo, ya Shangazi, kila Jumapili. Akauliza inasema nini. Nikasema inaniambia nifanye haraka, Mama yuko chini ananisubiri. Muuguzi akaandika, akaandika.

Mwishowe wakatafuta kwa simu mtu wa kutafsiri. Alikuwa kijana wa Uvira, nilimjua kwa neno la kwanza, lile la kuniita dada kikwetu.

"Yaya, beko banauliza kama unataka kujiua."

"Mimi? Nataka kunyolewa. Ni matanga ya baba yangu."

"Aaa. Pole sana, yaya. Ngoja niwaeleze."

Akawaeleza kwa muda mrefu. Muuguzi akaifunga kalamu yake. Mama Ingrid akateremka kwenye ule mkoba wa mikasi, akakaa sakafuni kabisa, akacheka huku machozi yanamtoka. Mimi nilisimama nikiwatazama. Nilijua kwamba jambo hili linachekesha, lakini lilikuwa linachekesha mbali.

Sifa, kama Shangazi yuko hapo, yanayofuata yaruke, au kohoa.

Mama Ingrid alisema wembe hauwezi, hajauzoea, atanikata. Anachokiweza ni mashine. Alifungua meno mapya ambayo hayajawahi kugusa mbwa, akayafuta kwa dawa, akayatia mafuta. Akafagia, akapiga deki, akatandika shuka jeupe sakafuni ili nywele zangu zisichanganyike na manyoya. Misuko nilikuwa nimeifumua nyumbani. Nikakaa kwenye kigoda, akanishika chini ya kidevu, vile tunavyowashika mbwa, akaanza kutoka kwenye paji la uso kwenda nyuma. Na kwa sababu anajua ni maneno gani ninayoyaelewa, akaniambia hayo hayo: tulia, vizuri, bado kidogo. Kila mara alisimama akagusisha meno kwenye mkono wake mwenyewe.

Nywele zangu ni ngumu, unazijua, ulizichana wewe. Mashine ikapata moto. Ilipofika nyuma ya sikio nikasema, "Inachoma." Akaizima papo hapo. Akaweka kiganja pale palipoungua, akakiacha hapo, na kilikuwa cha baridi.

Mama, nikasikia. Nikasema kwa lugha yetu, "Baba amekufa." Yeye, ambaye haelewi hata neno moja, akanijibu, "Bado kidogo."

Nikalia mpaka mbwa wa kwanza wa siku hiyo akaanza kunijibu kutoka nje ya mlango. Nina uchungu, Mama. Nina uchungu kwamba sikumwona, kwamba nilimaliza kunyoa ule mguu. Sasa ganzi imerudi kwa sehemu kubwa, sitakuficha. Lakini najua uchungu uko chini yake, kwa sababu niliugusa.

Kwenye kifurushi mna nywele zangu zote, zimefungwa kwa kipande cha lile shuka. Shangazi aulize asiulize, ni za kweli na hazikuchanganyika na kitu. Zizikwe na za wenzangu. Akileta maneno ya wembe, mwambie mkono wa mtu mwingine ulikuwapo, na kilicho kwenye kichwa changu sasa ni baridi ya huku peke yake.

Basi toka, Mama. Kunja mkeka. Oga, vaa kitenge kile cha bluu, uende sokoni, na huyo aliyetandika ndagala mahali pako umwombe asogee.

Nisalimie Baba Mkubwa aliyesimamia mazishi, na kaka Etabo aliyechimba kaburi bila kungoja kuombwa. Nisalimie watoto wa Sifa, waambie mama yao mdogo wa mbali ana kichwa kama chao. Shangazi mwenyewe msalimie mara mbili, aone inavyokuwa. Na wewe, Sifa, asante kwa kunisomea.

Mimi mtoto wako, wa mwisho kunyolewa,

Riziki