Swali la Tatu

Des Moines, 3 Machi 2004

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta mzima na goti limekuachia kidogo. Mimi sijambo, ila baridi. Salah anakusalimu sana. Tunaendesha lori kwa zamu, na nikishika usukani yeye ndiye hunisomea barua zako. Huyu mtoto wa wauza mbuzi wa Machakos mjini hajui Kikamba hata cha kuombea maji, kwa hiyo tafadhali uzidi kuandika Kiswahili.

Mdogo wangu Peris amekueleza ule mchezo wangu? Mtu huficha mkebe mahali, halafu anaweka mafumbo kwenye intaneti. Ukiyafumbua unapata nambari, unazibonyeza kwenye kile kimashine nilichomwachia Peris, nacho kinakuongoza hadi mkebe ulipo. Mimi na Salah huchapisha mafumbo kabla ya safari, tukayafumbua kwa penseli huko njiani ambako hakuna mtandao wala wa kumuuliza.

Wiki ile ya kuondoka nilificha mkebe hapo kilimani. Nilitaka wageni wakiutafuta wakupitie, wakusalimu kwa niaba yangu, maana makaratasi yangu ya kuishi huku bado na nikitoka huku sirudi tena. Lakini uupate wewe kwanza. Ndani kuna kitu chako. Swali la kwanza: kanisa lina madirisha mangapi? La pili: kisima kilichimbwa mwaka gani? La tatu: mama wa nyumba ya mabati mekundu amezaa watoto wangapi?

Ni mimi mwanao,
Musili

Kalama, 28 Machi 2004

Mwanangu Musili,

Salamu zimefika. Sisi tuko, mvua imeanza, na goti lilijua kabla ya redio. Mwambie Salah nilimkuta mama yake, Halimo, sokoni, mzima kabisa, anauliza kama anakula.

Madirisha nimehesabu, padri akadhani nataka kuiba vioo. Mwaka wa kisima Peris ameusoma kwenye saruji. Lakini hilo la tatu, umelelewa wapi wewe? Kwetu mama hahesabu watoto wake. Hata ng'ombe hatuwahesabu, sembuse ninyi. Ukiwahesabu ni kama umemwonyesha mwizi zizi. Au ugenini kumekusahaulisha?

Mkebe ukae huko huko. Mimi nataka wewe, na hilo unalijua.

Mama yako

Omaha, 9 Mei 2004

Mwaitu,

Hujambo? Na goti? Sisi tunaendelea vizuri, tumebeba viazi.

Usinikasirikie. Salah alicheka mpaka akamwaga chai, anasema kwao mama yake ni vivyo hivyo. Lakini ni mchezo tu, Mwaitu. Huna haja ya kutamka wala kuniandikia. Bonyeza mwenyewe, Peris akiwa ametazama kando. Nikikuwaza unapanda kile kilima kufuata nilikopita, naona kama nimefika nyumbani. Nifanyie hilo moja.

Mwanao,
Musili

Kalama, 20 Juni 2004

Mwanangu,

Tuko salama, tunashukuru Mungu. Haya, umenishinda, kubembeleza umerithi kwa baba yako. Nilibonyeza, Peris akitazama kando. Kimashine kikatupeleka ng'ambo ya kijito, kwenye mikonge. Tulichimba, hakuna. Jumapili tukarudi baada ya misa, tukachimba tena, siafu tu. Goti sasa limevimba. Mkebe wako umeibwa.

Mama yako

Omaha, 25 Julai 2004

Mwaitu mpendwa,

Pole sana kwa goti, lipakae dawa ile ya Peris. Mimi mzima.

Haujaibwa. Mlipitiliza. Kwa hapo mlipochimba, inaonekana ulibonyeza sita. Mwaitu, sisi ni watano! Hata mimi mzaliwa wako wa kwanza umenihesabu mara mbili? Weka tano, utaupata siku hiyo hiyo.

Mwanao,
Musili

Kalama, 5 Septemba 2004

Mwanangu Musili,

Natumai u mzima. Sikukosea.

Kabla yako kulikuwa na Wathome. Hakumaliza nasi hata mavuno mawili, homa ikamchukua. Baba yako alisema tusimtaje tena, ili wanaomfuata wakae. Ukaja wewe, ukakaa, watu wakakuita kifungua mimba, nami nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka nimezeeka.

Sasa unaniambia niweke tano. Kunyamaza niliweza, mwanangu, lakini kumtoa siwezi. Hata kwa kimashine. Hata ndani ya mkebe kungekuwa na nini.

Mama yako

Omaha, 14 Novemba 2004

Mwaitu,

Salah alinisomea barua yako, nikashindwa kuendesha, tukasimama kando ya barabara. Sikujua. Kumbe niko na kaka. Nisamehe nilivyofanya mzaha.

Fumbo langu ndilo bovu, si wewe. Mkebe lazima uhamishwe ng'ambo ya kijito, pale ulipochimba, na wa kuuhamisha ni mimi. Nimeamua. Makaratasi yawepo yasiwepo, baridi ikiisha nakuja, na nisiporudi huku basi. Nipikie muthokoi.

Mwanao,
Musili

Kalama, 17 Aprili 2005

Mwanangu Musili,

Leo sikuulizi hali.

Salah alikuleta ndani ya sanduku. Alikaa hapa akilia mpaka Peris akamshika mkono. Anasema ni barafu, lori liliteleza yeye akiwa amelala nyuma. Padri anasema ni mapenzi ya Mungu. Lakini mimi ndiye niliyemwonyesha mwizi zizi, nilipobonyeza ile nambari. Najilaumu, mwanangu, na wewe pia nakulaumu, kwa kunibembeleza. Salah alitaka kunieleza kilichomo mkebeni. Nikamwambia aache.

Jana wamekuja Wazungu wawili, mume na mke, na karatasi yao mkononi. Madirisha na kisima walikuwa wameshamaliza. Walinisalimu vizuri, kama ulivyotaka. Kisha yule mwanamke akasoma polepole, "Mama, umezaa watoto wangapi?"

Peris akaweka sufuria chini. Nikajibu kwa sauti, majirani wakisikia. "Sita."

Wakashukuru, wakaenda ng'ambo ya kijito. Jioni wakarudi mikono mitupu, wamechoka, viatu matope. Peris akaninong'oneza, "Mama, si tuwaambie tu wajaribu tano?"

"Wape chai," nikamwambia. "Hapa kwangu hakuna tano."

Mama yako