Kisima cha Babu na Nanga za Watu

Mtaa wa Dunda,
Bagamoyo.
11 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Najim,

Assalaam aleikum. Hujambo huko Ujerumani, na baridi imekuachia? Kula vizuri, usishikwe na kazi mpaka ukasahau tumbo. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila goti la Mama linamsumbua na mvua hizi. Raha ya moyo ndiyo sina.

Barua hii anakuletea jirani yetu Sabiha. Kwa simu nisingeweza, maana Mama hukaa ubavuni mwangu asikie kila neno lako, na ujumbe mfupi haubebi maneno haya yote.

Ni habari ya kisima alichochimba babu yetu akakiweka wakfu. Tangu ulipotupimia maji yake ukakuta sumu, ile dawa ya kusafishia mashine waliyokuwa wakiimwaga chini pale karakana ya jirani, silali vizuri. Ulitueleza kwamba kazi yenu huko ni kusafisha maji kwa unga wa chuma uliotiwa kidogo paladiamu, madini ya thamani kama dhahabu, nao huing'oa klorini kwenye sumu ya namna hiyo mpaka isidhuru tena. Ami Mwinshehe alikuwepo akisikiliza. Alichoshika ni chuma tu.

Ijumaa yake akawatangazia watu msikitini. Unawajua watu wetu kwa sadaka. Kila mtu alitaka fungu lake la thawabu. Wakaleta nanga zilizovunjika, minyororo, majembe, hata pasi ya mkaa, wakavitumbukiza kisimani kwa bismillahi. Sasa maji yanatoka mekundu kwa kutu, nao wanafurahi kuwa sumu ndiyo hiyo inatoka. Ningecheka kama si hofu.

Ujumbe wako wa juzi niliusoma peke yangu. Umesema chuma kikitiwa ovyo bila kupimwa huweza kuing'oa klorini nusunusu, na kinachobaki kikawa kibaya kuliko sumu ya mwanzo. Nimewaeleza. Ami akanijibu kuwa shetani ananitia wasiwasi.

Nikataka kisima kifungwe mpaka aje mtaalamu. Mama hakupandisha sauti. Aliteka kikombe, akanywa mbele ya watu, kisha akaniambia: "Cha wakfu hakifungwi, Hafidha. Mkikifunga, mmemkatia mzee thawabu zake kaburini."

Tangu hapo hata waliokuwa wameacha wamerudi na ndoo zao. Mwanangu Adila, na ujauzito wake ule, hataki maji ya bomba. Anasema bibi yake anakunywa, yeye ni nani asinywe?

Mdogo wangu, Baba alipofariki usimamizi wa wakfu ulikuangukia wewe. Nikisema mimi, ni maneno ya mwanamke mwoga. Ukisema wewe, hata Mama atanyamaza. Najua unachelea kumuudhi, ndiyo maana kila ukipiga simu unaulizia goti tu. Mpigie Ami, mwambie kifungwe. Kama ni dhambi, tutaibeba sote wawili.

Nisalimie mkeo Habiba. Ami Mwinshehe anakusalimu sana, na anakuombea dua kwa elimu uliyotuletea. Mama naye hachoki kukutaja kila akiswali. Adila anakusalimu, leo asubuhi nimeimwaga ndoo yake, akaenda kuteka nyingine.

Mola akupe afya, na akupe ujasiri wa kusema.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja,

Hafidha