Darasa Moja na Binti Yangu

Jumatano, 18 Septemba 1996

Kuchuna majani ya chai asubuhi. Baridi ya kukata vidole. Nilipofika kituo cha kupimia majani karani alirudisha nusu ya kikapu, eti majani makubwa. Hayakuwa makubwa. Niliyamwaga pale pale mbele ya meza yake nikaenda zangu.

Alasiri kwa Kemunto. Mume wangu, Baba Chebet, anajua naenda kufuma sweta. Si uongo, nafuma. Ila ndani ya kiondo, chini ya uzi, kuna kitabu cha hesabu cha darasa la nane.

Kemunto alimaliza kidato cha nne kwao Kisii. Mume wake ni fundi wa mashine pale kiwanda cha chai, na yeye anafundisha watoto wadogo wa nasari hapa Boito. Ananifundisha huku anafuma, macho yake kwa sindano, masikio kwangu. Leo ni hesabu za sehemu. Kwa nini ukigawanya unageuza ile ya pili juu chini? Hakuna anayejua. Unageuza tu. Nilikasirika nikatupa penseli. Aliiokota, akaiweka mbele yangu, akaendelea na mstari wake. Hata pole hakusema.

Ni yeye aliyeniambia niandike kila siku kwa Kiswahili ili insha isinitishe. Anasema niweke methali. Sina hamu ya methali.

Jumamosi, 21 Septemba

Mtihani wa darasa la nane ni Novemba. Nina miaka thelathini na minne. Niliacha shule darasa la sita kwa sababu baba alisema ng'ombe wanahitaji mtu. Kaka zangu wawili walikuwa wamekaa tu. Mpaka leo nikikumbuka nasikia moto kifuani.

Hedimasta aliandikisha jina langu mwanzo wa mwaka, kimya kimya. Kwa hiyo anajua yeye na anajua Kemunto. Basi. Binti yangu Chebet yuko darasa la nane shule hiyo hiyo na hajui kitu. Nitamwambia nikiwa tayari.

Leo nilikosea hesabu ndefu nikataka kurarua ukurasa mzima. Kemunto akanishika mkono. "Mama Chebet, sweta ukikosea unafumua yote?" Nikasema hapana, nafumua mpaka pale nilipokosea. "Basi tafuta hapo." Nilitafuta. Ilikuwa mstari wa tatu, nilikuwa nimesahau kubeba moja. Mistari mingine yote ilikuwa mizuri.

Nilifurahi, halafu nikakasirika. Miaka yote hii nafumua na kufuma, na hakuna mtu aliyeniambia kuwa hesabu ni hivyo.

Jumatatu, 30 Septemba

Nimeaibishwa.

Nimefika kituoni na kikapu mgongoni. Karani yule yule akasimama kama mwanafunzi. "Kandideti wa mtihani amefika!" Wakacheka wote. Mwanamume mmoja akaniuliza kama nimenunua soksi nyeupe za shule. Mwingine akasema Baba Chebet sasa ni mzazi wa watoto wawili wa darasa la nane.

Nilisimama kwenye foleni mpaka mwisho. Sikutaka wanione nikikimbia. Majani yakapimwa.

Hedimasta hawezi kusema, anaogopa maneno. Amebaki mmoja.

Jumanne, 1 Oktoba

Nilimkuta Kemunto anafagia darasa la watoto wadogo. Nikamuuliza mlangoni, sikuingia.

"Ni wewe uliyesema?"

"Ni mimi."

"Wapi?"

"Kwa mkutano wa kikundi cha akina mama. Alhamisi."

Nilikosa mkutano huo kwa sababu ng'ombe alikuwa anazaa. Nilingoja aseme kwa nini. Hakusema. Alisimama na ufagio wake akiniangalia. Nikamwambia siri haikuwa yake. Akasema ndiyo, haikuwa yake. Nikamwambia sitakanyaga kwake tena. Akarudi kufagia.

Ningependa angebisha. Mtu akibisha unapata mahali pa kumshika.

Jumatano, 2 Oktoba

Baba Chebet amesikia kutoka kwa wanaume. Alikula peke yake, akatoka kuangalia ndama. Aliporudi akasema sentensi moja tu, kwamba yeye ndiye mtu wa mwisho Boito nzima kujua mke wake anasoma.

Nilitaka kumjibu kwamba niliwahi kumwambia nataka kusoma, miaka ile Chebet anaanza darasa la kwanza, na alicheka mpaka akashika tumbo. Yeye hakumbuki. Mimi nakumbuka hata shati alilovaa.

Ijumaa, 4 Oktoba

Chebet alirudi kutoka shule na macho mekundu. Wenzake wamemuuliza kama mama yake atabeba kalamu kwa kikapu cha majani. Akaniambia, "Mama, nitakufa. Si ungengoja nimalize?"

Nimengoja tangu darasa la sita. Nimengoja baba, nimengoja mume, nimengoja watoto waache kunyonya. Sasa nimngojee na huyu. Nilimwambia aende akachote maji. Kwa sauti mbaya. Alienda analia.

Sina mtu wa kumwambia. Huyo mmoja niliyekuwa naye nimemfukuza.

Jumatano, 9 Oktoba

Hedimasta ameniita ofisini. Akaniwekea kiti. Mtu akianza na kiti, jua kuna jambo.

Akasema mwaka jana shule jirani iliwapita kwa wastani, kidogo sana, na wazazi walilalamika. Mwaka huu watoto ni wazuri. Shida ni kwamba karatasi zangu zitahesabiwa pamoja na za watoto. Akakohoa. "Mama, hata usipokuja siku hiyo, hakuna ubaya. Asiyekuja hahesabiwi."

Nilimuuliza kama amewahi kusahihisha kazi yangu hata moja. Akasema hapana. Nikamuuliza sasa amejuaje nitawashusha. Akaangalia dirisha.

"Nitakuja," nikasema. Nikatoka bila kumpa mkono. Nilitembea mpaka nyumbani nikiongea peke yangu kama mlevi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mvua ya mawe mchana. Imepasua chipukizi zote upande wa chini. Karibu wiki mbili hapo hakuna kuchuna.

Nimesoma peke yangu. Sayansi ni sawa. Jiografia ni sawa. Napenda kusoma, hata gazeti lililofungiwa sukari nalisoma mpaka pale lilipopasuka, kisha nakasirika kwa sababu sijui mwisho. Lakini hesabu bila Kemunto ni giza. Najua kuna mahali nimekosea na sipaoni. Yeye alikuwa akiona kwa kuangalia uso wangu tu.

Nikajaribu kufuma ili nitulie. Nilikuwa nimekaza uzi mpaka sindano haipiti. Nilifumua kipande chote. Hasira inaonekana hata kwa sweta.

Bado naona alikosea. Sitabadilisha hiyo.

Jumatatu, 28 Oktoba

Leo amekuja Mama Weldon, mwekahazina wetu wa kikundi. Ameleta uzi, anataka sweta ya mtoto wake. Nikampa chai, heshima ni heshima. Akakunywa vikombe viwili akipuliza na kuongea. Akaniambia nisijali, yule Mkisii wamemtoa kikundini. Nikauliza wamemtoa kwa nini. Akashangaa kwamba sijui.

Basi nikasikia. Mkutano ule walikuwa wanachagua mwandishi. Mtu akataja jina langu. Mama Weldon akasema, na alinirudia maneno yake mwenyewe bila haya, kwamba Mama Chebet ataandika nini na shule aliachia njiani, yeye kazi yake ni sindano. Watu wakacheka. Kemunto akasimama. Akamwambia usoni kwamba mwezi wa kumi na moja nitakuwa nimefanya mtihani, na kama kuna mtu wa kuchekwa kwa kuandika ni aliyeandika hesabu za kikundi mwaka jana.

"Mgeni ananipigia kelele mimi," akasema Mama Weldon. "Kwetu hapa."

Nilichukua uzi wake, nikaurudisha kwenye mfuko wake, nikamwekea mfuko mapajani. Nikamwambia sweta hiyo sitafuma. Na jina langu pia alitoe kikundini. Aliondoka bila kumaliza kikombe cha tatu.

Nilibaki nimekaa. Kemunto alijua hayo yote siku ile mlangoni, na ufagio mkononi. Hakusema. Hapa hana ndugu. Kile kikundi ndicho kilichokuwa kinamsalimia barabarani, kinamwitia mkunga, kinamkopesha unga. Na mimi nikamfungia mlango wangu pia.

Nilipaswa kulainika. Badala yake nina hasira naye mara mbili. Kwanza kwa kusema, halafu kwa kunyamaza. Ameniacha nionekane mjinga mbele ya Mama Weldon, nikisimuliwa mambo ya rafiki yangu mwenyewe.

Jumanne, 12 Novemba

Mtihani. Hesabu asubuhi.

Niliamka mapema nikakuta Baba Chebet ameshakamua ng'ombe wote. Hiyo ni kazi yangu. Alikuwa ananawa mikono. Penseli zangu zilikuwa mezani, zimechongwa kwa kisu, ncha mbaya lakini kali.

Chebet alitangulia. Alitembea mbele, mbali, tusionekane pamoja. Nilimwacha.

Nikapita nasari. Kemunto alikuwa uani na watoto wakiimba. Aliniona. Hakupunga mkono, mimi pia sikupunga. Lakini alinyamazisha wale watoto mpaka nikapita. Sijui kwa nini hilo ndilo lililokaribia kuniliza.

Nilikaa nyuma kabisa. Nguo yangu ya kanisa, kiti cha mtoto, magoti juu. Msimamizi aliniuliza kama nimeleta mtoto wangu. Nikamwonyesha nambari yangu. Watoto wawili wakacheka. Kisha nikainua macho nikaona migongo yao. Sweta nyekundu, safu baada ya safu. Nyingi ni zangu. Ile yenye bega lililovutika niliifuma nikiwa na malaria. Ile ya dirishani niliifumua kola mara mbili. Migongo yote hiyo nimeipima kwa mikono yangu. Nikajiambia sasa hawa ndio wananiogopesha?

Nikafungua karatasi.

Alhamisi, 14 Novemba

Imekwisha. Nimechoka kama mtu aliyelima.

Ajabu ilikuwa jioni. Natafuta ndama, Chebet akanijia nyuma. Siku tatu hajaniambia neno barabarani. Akasema, kama mtu mwenye ugomvi, "Ile ya tangi ulipata ngapi?"

Mifereji miwili, mmoja unajaza tangi, mwingine unatoa. Nikamwambia jibu langu. Akasema si hilo. Yeye alijumlisha. Nikamuuliza maji yanatoka, wewe unajumlisha ili iweje? Akasema mwalimu alifundisha kujumlisha. Nikasema mwalimu alifundisha hivyo pale mifereji yote miwili inapojaza. Akachora chini kwa kijiti. Nikafuta kwa mguu, nikachora yangu. Akapiga kelele. Nami nikapiga. Hajawahi kunipigia kelele hivyo na sijawahi kumwacha. Ndama alikwenda mpaka kwa shamba la jirani.

Ile ya tangi nilikuwa sahihi mimi. Ile ya asilimia alikuwa sahihi yeye, akanionyesha, nikaona pale nilipokosea. Uchungu sana.

Tuliposhika ndama na kurudi, Baba Chebet alikuwa amesimama kwenye ua. Alikuwa amesikia yote. Akauliza tangi lenyewe ni la lita ngapi. Tukamwambia. Akasema yeye angefunga huo mfereji wa kutoa kwanza. Chebet akacheka mpaka akakaa chini. Sikumbuki lini nyumba hii ilicheka hivyo na mimi si wa kuchekwa.

Jumapili, 24 Novemba

Baada ya kanisa niliteremka kwa Kemunto. Sikubeba sindano. Sikubeba kitabu.

Alikuwa nje anaanua nguo, mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Londiani. Nilishika upande mmoja wa shuka, yeye akashika mwingine, tukakunja. Tukakunja na la pili. Nikamwambia nimetoka kikundini. Akasema alisikia. Nikamwambia Mama Weldon alinisimulia. Akasema alidhani angenisimulia tu, yule hawezi kukaa na siri.

"Kwa nini hukuniambia?"

Akakunja shati la mume wake, polepole, mkono kwa mkono. "Ulikuja kuuliza kama nilisema. Nilisema. Hayo mengine yangekuwa kujitetea."

Matone yakaanza. Tukaingiza nguo ndani. Akaweka sufuria motoni, akanipa kiti kile kilicho karibu na jiko. Akaniuliza, bila kugeuka, kama bado nina hasira.

"Bado," nikasema.

"Sawa," akasema. Akaongeza majani kwenye maji.

Mvua ikapiga bati, hatungesikizana hata tungetaka. Tulikunywa chai. Nilikaa mpaka mvua ikaisha.