Nyuki Hawasubiri Simu Ifikirie

Rehema, mke wangu,

Naiweka barua hii wazi, kwenye ukurasa wa mtandaoni unaosomwa na watu wa mji wetu wa Singida, kwa sababu nimechoka kuulizwa. Nikifungua meza yangu asubuhi wananiuliza. Nikienda kununua mboga wananiuliza. Bibi harusi yuko wapi? Aliyezidi ni Mama Kanta, mwenye duka ambalo kwenye baraza lake ndipo ninapotengenezea simu. Jana alinikuta nachovya andazi la juzi kwenye chai, akasimama mlangoni kunitazama.

"Hina ya mke haijafutika mikononi, mume anakula vya baridi," akasema.

"Mke yuko Rungwa, mama."

"Amefuata nini huko?"

"Nyuki."

"Hao nyuki wana nini ambacho wewe huna?"

Baraza zima likacheka. Nami nikacheka, lakini kicheko changu siku hizi ni kama betri iliyozeeka, inaonyesha imejaa na papo hapo inazima. Basi niwajibu wote kwa mara moja, kupitia kwako. Na wewe, ukipanda kile kichuguu chako cha kutafutia mtandao, usome pia.

Unakumbuka tulivyokutana? Mimi sisahau hata rangi ya kilemba chako. Wateja wangu wote huja kuulizia simu mpya, nyepesi, yenye kamera kali. Wewe ulisimama mbele ya meza ukasema, "Mambo, fundi. Nataka simu dhaifu kuliko zote ulizonazo."

"Unataka ya bei rahisi?"

"Dhaifu. Iwe inawaka, lakini iwe inakutesa."

Nilidhani unanitania. Nikakupa ile ya kijivu iliyopasuka kona, ambayo nilikuwa nataka kuivunja nitoe spea. Uliishika kama mtu aliyepewa kifaranga, ukaiwasha, ukaisubiri, na ilipowaka ukaitabasamia. Hakuna aliyewahi kuitabasamia simu ile. Hapo ndipo nilipokupenda, Rehema, na kwa mara ya kwanza maishani nikaionea simu wivu.

Ulirudi kesho yake kuulizia dhaifu nyingine ya aina tofauti, na keshokutwa nyingine, hadi nikaanza kukuwekea kwenye mfuko wa turubai. Ndipo uliponifungulia siri ya kazi yako. Ulikuwa unatengeneza programu ya kusikiliza mzinga. Mfugaji anaisogeza simu karibu na mzinga, programu inasikiliza mvumo wa nyuki, kisha inamwambia kama wametulia au wanajiandaa kuhama, ili aandae mzinga mtupu wa kuwapokea kabla hawajapotea porini. Ukanisikilizisha sauti uliyorekodi, kwa spika kubwa, bila kutangaza. Yule mzee aliyekuja kubadilishiwa kioo alitupa kofia akakimbilia dukani, na Mama Kanta akafunga mlango akiwa yeye mwenyewe yuko nje.

Mimi niliishia kidato cha nne, lakini ulinieleza kompaila ni nini nikaelewa, kwa sababu hukunieleza kama mtu aliyeishia kidato cha nne. Ulisema ni mkalimani. Wewe unaandika programu kwa lugha inayosomeka na binadamu, yeye anaigeuza iwe amri zinazoeleweka na prosesa, ile sehemu ya simu inayofanya hesabu zote. Shida ni kwamba prosesa si za aina moja. Mkalimani ukimwambia anatafsiri kwa ajili ya prosesa mpya, anatumia amri za mkato zinazopiga hesabu nyingi kwa mpigo mmoja. Prosesa ya zamani ikikutana na amri kama hiyo haijui ifanye nini, na programu inajifunga bila hata kuaga. Ukimwambia atumie amri zinazojulikana na wote, programu inafunguka kila mahali, ila inajikokota.

Kujikokota huko ndiko kulikonifanya nichomwe na nyuki kwenu Mungaa. Nilikuwa nimekuja kujitambulisha kwa wazazi wako, nimevaa shati jeupe la kuazima. Kabla hatujaingia ndani ukanivuta mkono hadi kwenye mizinga ya baba yako nyuma ya nyumba. Dakika moja tu, ukasema. Ukanishikisha simu ya kijivu karibu na tundu la mzinga.

"Usitikisike. Bado inafikiri."

Nikasimama kama nguzo. Nyuki wa kwanza akanichoma mdomo.

"Bado?"

"Bado kidogo, mpenzi."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita mpenzi, na nadhani ndiyo maana nilikubali na yule wa sikioni. Tulipoingia ndani, shikamoo yangu ilipita kwa shida katikati ya midomo iliyovimba. Baba yako akaitikia marahaba, akanikagua, akakugeukia. "Rehema, huyu ndiye uliyemsifia sura?" Mama yako naye akasema jambo kwa Kinyaturu, mkacheka wote, na mimi Mnyiramba sikuambulia kitu. Mpaka leo umekataa kunitafsiria.

Tuliporudi mjini ulikaa kwenye kigoda changu nyuma ya meza, laptopu mapajani. Ulikuwa umemwambia kompaila ajitahidi kwa nguvu zake zote, na kila alipojitahidi simu ya kijivu ilizidi kuwa nzito. Ukaja kugundua kwamba jitihada zake ndizo zilizokuwa zikiinenepesha programu. Alikuwa anaziandika amri zile zile mara nyingi mfululizo ili prosesa isipoteze muda kurudi nyuma. Prosesa kubwa inafaidi sana kwa hilo. Ile ndogo haina nafasi ya kuziweka zote karibu, ikawa kila mara inakwenda kuzichota mbali. Basi ukamwambia asijitume hivyo, atengeneze toleo dogo. Tukaisikilizisha ile sauti ya mzinga. Ikajibu kabla sijameza funda la chai.

"Kumbe haitaki maneno mengi," ukasema. "Imechoka. Tuiambie machache."

Ukacheka, ukaegemeza kichwa begani kwangu mbele ya wateja, na Mama Kanta akakohoa makusudi. Naikumbuka sana siku hiyo sasa hivi, kuliko hata siku ya harusi. Siku ya harusi nilikuwa na watu wengi wa kugawana nao furaha. Siku ile ilikuwa yangu peke yangu.

Kisha tukaoana, na kabla maturubai hayajarudishwa kwa mwenyewe wafugaji nyuki wa Rungwa wakakuita. Ulidhani kazi imekwisha. Ulifungasha laptopu na simu yako, ule mfuko wa turubai ukaniachia, ukasema unakwenda kuwawekea programu na kurudi. Nilikusindikiza stendi nikiwa nimeshika kikapu cha karanga, najivuna, namwambia kila abiria kwamba huyu ni mke wangu. Konda akaniambia, "Tumekusikia, kaka, shuka sasa."

Siku ulipoonyesha programu mbele ya kikundi, simu za baadhi yao zilifungua vizuri na nyingine zikajifunga. Ulinipigia ukiwa juu ya kichuguu, sauti inakatika, unasema huelewi, maana simu mbili zimefanana kama pacha, jina moja, rangi moja, moja inakubali na nyingine inakataa. Nilifungua mbili za namna hiyo zilizokuwa kwenye mfuko wetu wa turubai. Ndani zina prosesa tofauti, na moja haizijui amri chache za mkato ulizokuwa umeziacha. Kiwanda kilibadilisha utumbo kikaacha sura. Nilipokwambia, nilidhani mtandao umekata, kumbe ulikuwa unalia.

Mzee Kasala, mwenyekiti wao, hakukusema vibaya. Ulinisimulia maneno yake kwa sauti yake. "Binti yangu, mimi sina ugomvi na programu yako. Ila nyuki hawasubiri simu ifikirie, na hii yangu haifikirii kabisa." Akakupa nafasi moja. Wanachama wameshaingia porini na simu zao, na mwisho wa wiki hii wanatoka wakutane tena. Programu ikifunguka kwenye simu zao zote wataichukua, na wewe utakuwa na kazi huku huku kwetu. Isipofunguka, wataiacha. Na kule Dar es Salaam kuna ofisi inayokusubiri uitengenezee programu za simu mpya tupu, ambazo hazisumbui mtu. Hukunificha. Ulisema, "Nikishindwa huku, sina sababu ya kukataa kule." Nilisema tu uvae sweta.

Tangu hapo maisha yetu ya ndoa ni haya. Wewe unatengeneza toleo jipya kwa umeme wa sola wa kwenye ghala lao, unapanda kichuguu, unalituma. Mimi nakaa barazani kulisubiri. Linafika nusu, linakwama, linaanza upya. Likifika lote naliweka kwenye simu za mfukoni, moja baada ya nyingine, nakuandikia imefungua, imefunga, imefungua ila nzito. Jibu langu linakufikia wewe ukiwa umeshatengeneza jingine kwa kubahatisha. Jana nilikujibu kuhusu toleo la juzi, ukadhani nasema la jana, ukaharibu lililokuwa limeanza kukaa sawa. Hatukugombana. Tulichoka wote wawili kwa pamoja, kila mmoja kwenye ncha yake ya simu, tukaagana kwa upole kama wageni. Upole ule umenitisha kuliko ugomvi.

Nikirudi nyumbani kikombe chako cha chai bado kiko pale ulipokiacha, na sikiondoi. Naongea na ile simu ya kijivu. Naiambia ulivyo mzuri ukiwa umekunja uso kwenye laptopu, ulivyo na kale katabia ka kung'ata ncha ya kilemba ukisubiri kompaila amalize. Nakupenda mpaka najichosha, Rehema. Sikujua kwamba furaha nayo ina uzito, na kwamba mtu anaweza kuibeba peke yake mpaka mabega yakauma.

Leo asubuhi nilikwenda kumuaga Mama Kanta. Akaacha kupanga sufuria.

"Msimu huu watu wanauza alizeti, wana pesa za simu, na wewe unafunga meza? Sitakudanganya. Yule kijana wa chaja ameniomba hiyo nafasi siku nyingi."

"Mpe, mama."

"Nikimpa nimempa. Sitamwondoa."

"Najua."

Akaona sitanii. Kisha akaokota kifuniko cha sufuria kilichokuwa kimedondoka, akasema akiwa amenipa mgongo, "Ukirudi bila mke usipite mbele ya duka langu."

Kwa hiyo meza sina tena. Nimekunja bisibisi zangu kwenye kitambaa. Mfuko wa turubai uko magotini pangu, simu zote ziko humo, wale pacha wawili nimewafunga pamoja kwa mpira, na ya kijivu iko mfuko wa shati. Nipo stendi, basi la Itigi linapakia. Nikifika Itigi nitadandia gari lolote linaloelekea kwako. Wewe utatengeneza, mimi nitaweka na kusema imefungua au imefunga nikiwa pembeni yako, bila kichuguu wala kubahatisha. Mzee Kasala akikataa hata baada ya hapo, tutakuwa tumekataliwa wote wawili mahali pamoja, na mambo ya Dar es Salaam tutayaongea tukiwa tunatazamana.

Nimeandika mengi, na najua umechoka. Basi wewe soma toleo dogo la barua hii, linatosha: usitume tena kitu, nakuja.

Mumeo, mwenye mdomo uliopona