Shujaa Wako Bado Yuko Mlangoni

Mowlem, 8 Juni 1996

Kaka Lusweti,

Huku tu wazima, na mfereji umeanza kutoa maji tena.

Vivian wa jirani amepata kitabu kinene cha ule mchezo wetu wa hadithi na dadu. Eti siku hizi mchezaji asipokuja, wenzake wanamwendesha shujaa wake. Upuuzi! Kwetu shujaa wako hamgusi mtu ila wewe. Wenzetu walipomtaka wako nikawakatalia, wote wakahamia kwa Vivian.

Mama ameacha kukupakulia chakula. Simlaumu, huu ni mwaka wa pili huandiki.

Lakini kila Jumamosi naitandaza ramani peke yangu. Shujaa wako bado amesimama mlangoni mwa pango, taa mkononi, pale ulipomwacha. Niambie tu: anaingia, au anarudi nyumbani?

Dada yako,
Nekesa