Sahihi ya Daktari Mkuu

Jumatatu, 3 Machi. Migori.
Daktari mkuu wa hospitali amesema leo, mbele ya waandishi wote, kwamba hakuna muuguzi aliyemwarifu kuwa mtungi wa oksijeni wa wodi ya uzazi ni mbovu. Mtoto alifariki Alhamisi. Msimamizi wa wodi, Atieno, amesimamishwa kazi.
Atieno ni dadangu. Nimemwambia mhariri. Habari amepewa Mwita, mwandishi mwenzangu. Sawa.
Mwaka jana Atieno aliomba wauguzi wawe na viti katika kamati ya usimamizi. Daktari alimcheka: "Sister, shughulika na sindano. Mikutano tuachie."
Nataka aaibike. Hadharani.

Jumanne, 4 Machi. Rangwe.
Nimemkuta Atieno kwa mama, anachambua dagaa wa omena. Mwenyewe hali chakula.
Amenieleza. Kila zamu, wauguzi huandika upungufu katika kitabu cha makabidhiano. Mtungi uliandikwa mara tatu. Kila Jumatatu daktari hutia sahihi chini ya kila ukurasa.
"Hufunua pa sahihi tu, omera, ndugu yangu. Hasomi."
Jioni muuguzi mwenzake alinitumia picha za kurasa. Sahihi tatu, wino wa kijani.
Nimefurahi. Furaha mbaya.

Jumatano, 5 Machi. Migori.
Nilimpa Mwita picha na swali moja. Alimwendea daktari, akauliza kwanza, picha akaziacha mfukoni: daktari hukisoma kitabu kabla ya kutia sahihi?
"Kijana, nasoma kila neno. Sahihi yangu si mapambo."
Ndipo Mwita akaziweka mezani.
Nimesikiliza kanda ya mahojiano hayo mara nne. Picha zinapekuliwa. Kisha daktari anaomba maji. Sauti inayosema "Karibu, daktari" ni ya muuguzi.
Mara ya tano sikuhitaji. Nikasikiliza tu.

Ijumaa, 7 Machi. Rangwe.
Habari imetoka. Daktari ameenda likizo. Bodi ya hospitali imetoa taarifa ya aya mbili: wauguzi wawili, watakaochaguliwa na wenzao, wataketi katika kamati wakiwa na kura.
Nilimsomea Atieno kwa sauti, nikicheka. Hakucheka.
"Mama wa yule mtoto yuko Ndhiwa na matiti yamejaa. Wewe unacheka nini?"
Nikamshikia pasi akatafuta sare yake.
Kamati itamsikiliza Jumatatu, tarehe 10, saa tatu asubuhi. Ameomba kitabu chenyewe kiletwe, si picha.