Udongo Si Dawa

Jumatatu, 2 Juni 2014. Kasulu.

Kidonge cha jana usiku nilimeza. Hakuna kitu. Nimeamka mzito, kifua kimejaa, meza sokoni nimefungua nimechelewa. Dagaa, chumvi, udongo. Huu udongo wa vijiti kutoka Makere ndio unaotoka haraka, wajawazito wanaugombania. Na mimi naula. Sina mimba. Mume wangu yuko kaburini, huu mwaka wa pili. Naula tu, kutwa nzima, na usiku kipande kimoja cha kuondoa uchungu wa kidonge. Watu wanasema una madini, unaongeza damu.

Naula nimewapa watu mgongo. Bi Zuhura wa duka la vitenge aliniona siku moja akasema, "Mama Riziki, vipi mwenzetu, tuandae nepi?" Alikuwa anatania. Kasulu hii, utani wa asubuhi jioni ni habari.

Alhamisi, 12 Juni.

Kliniki. Nimemwambia daktari hii amitriptilini yake hainisaidii. Sonona iko palepale. Akauliza kama nasahau kumeza. Sisahau. Pombe? Sinywi. Kuna dawa nyingine ninayotumia? Hapana. Ndiyo kweli, sina. Ameniongezea dozi. Nilikuwa nimejiandaa kubishana, sikupata nafasi.

Jumapili, 22 Juni.

Mama mkwe amepiga simu kutoka Kibondo. Misa ya kumbukumbu ya mwanawe ni tarehe tano, niende na Riziki. Kisha akasema atatuangalia vizuri tukifika. Najua maana yake. Mwaka jana nililala ndani, sipiki, sifui, mtoto akawa anakula kwa majirani. Mama mkwe alikuja akamkuta mchafu, amekonda. Akaniambia waziwazi: nikirudi kulala vile, Riziki anahamia Kibondo. Yule mama hatishii mtu, anasema anachokwenda kufanya.

Naogopa. Dozi mpya nayo kimya. Nikifika kule na sura hii nimekwisha.

Jumatano, 2 Julai. Kibondo.

Tumefika. Vumbi mpaka kwenye kope. Mama mkwe katupokea kwa salamu za Kiha, mwakeye, mwakeye, huku anapapasa mikono ya Riziki kuona kama ana nyama.

Udongo nimeuacha wote Kasulu. Makusudi. Mjane akionekana anatafuna udongo kwa wakwe, wataanza kuhesabu miezi. Hamu yake inanitesa. Kidonge nimekimeza kwa maji matupu.

Jumamosi, 5 Julai.

Sijielewi. Tangu jana nasinzia nikiwa nimekaa. Ulimi unagandia mdomoni. Nikisimama, nyumba inazunguka. Moyo unakimbia na mimi nimekaa. Kanisani maandishi ya kitabu cha nyimbo yalikuwa ukungu mtupu. Wakati wa chakula nimepakua wali pembeni ya sahani, mbele ya ukoo mzima. Shemeji akamuuliza mama yake kwa Kiha kama nimelewa. Wala hakupunguza sauti.

Nimechukia. Ningekuwa na nguvu ningevitupa hivi vidonge chooni.

Mama mkwe amemlaza Riziki chumbani kwake. Hakuniuliza.

Jumanne, 8 Julai. Hospitali.

Juzi nilianguka njiani nikienda chooni. Wakanileta hapa, wakapima moyo, wakapima damu. Mama mkwe kakaa pembeni ya kitanda, habanduki.

Daktari ni mama mmoja mpole. Kashika pakiti yangu, kauliza lile lile, dawa nyingine? Hapana. Akasema, "Haya, tuache dawa. Kasulu unaweka nini mdomoni ambacho huku huweki?"

Mama mkwe yuko pale. Nikaona nikidanganya hapa nitakufa kwa haya. Nikasema, udongo.

Mama mkwe akageuka mzima mzima. "Udongo? Wa nani?"

Si wa mtu, nikasema. Wangu.

Daktari alieleza taratibu. Udongo unanasa dawa tumboni. Nilikuwa nameza kidonge, sehemu inaishia kwenye udongo, wao wanaona dozi ni ndogo, wanaongeza. Nilipouacha, dozi kubwa yote ikaingia mwilini. Na damu hauongezi, unaipunguza, maana unazuia madini ya chuma. Yangu wameikuta ndogo.

Dozi imerudi ilipokuwa mwanzo. Kuacha ghafla kwa hasira zangu, nimekatazwa. Vidonge vya chuma nimepewa, nimeze mchana, mbali na chai. Vinafunga choo, na hii dawa ya usiku nayo inafunga, kwa hiyo maji na mboga kwa wingi, nikikwama nirudi, nisijinunulie dawa dukani. Na popote nitakapotibiwa nitaje kila kitu: vya chuma, vya kiungulia, vya madini vile vya kwenye makopo, hata ambacho mimi sikiiti dawa.

Mimba pia wamepima. Aliomba mama mkwe. Hakuna. Sijawahi kuaibika hivi.

Ijumaa, 11 Julai.

Nimetoka hospitali. Kichwa kimetulia. Nguo za Riziki bado ziko kwa bibi yake, zimepangwa kwenye kabati kabisa. Hakuna anayesema neno. Mimi naogopa kuuliza, nikiuliza nitajibiwa.

Ijumaa, 18 Julai.

Kesho nasafiri. Asubuhi mama mkwe alinikuta jikoni nakoroga uji. Akasimama mlangoni.

"Ungesema."

Ningesemaje, mama?

Akafikiri kidogo. "Kweli. Ningekufukuza."

Akaenda chumbani. Aliporudi alikuwa na nguo za mtoto, amezikunja. Kaziweka kwenye mfuko wangu, kafunga zipu mwenyewe.

Jumapili, 10 Agosti. Kasulu.

Udongo nimeacha hata kuuza. Ukiwa mezani, mkono ungeurudia. Wajawazito wananinunia, basi wanunue dagaa. Kliniki nimewaeleza yote, daktari kaniuliza mbona sikusema. Nimemwambia aliuliza dawa.

Usiku nalala, asubuhi naamka. Furaha siwezi kusema, ila mwili ni mwepesi.

Leo Riziki karudi na gauni la kanisani limechanika toka kwapani hadi kiunoni, kisa kupanda mpera. Nimemgombeza mpaka jirani kachungulia. Amenuna, hataki kula, hataki kuniona. Mwaka jana angerudi hata uchi nisingejua.

Namwacha anune. Chakula chake nimekifunika.